Stakabadhi Analala Wapi?

SOMOE: Haya, taa nyekundu imewaka, tunarekodi. Mfaume, kabla ya salamu, hiyo suruali yako imeliwa na nini hapo chini?

MFAUME: Imeliwa na mgeni wangu. Na salamu zangu ziwafikie watu wa Magomeni na Chuno, hizo huninyimi.

SOMOE: Zimewafikia. Mnaomjua Mfaume mnajua msimu wa minada ukianza, kila akienda ghalani harudi mikono mitupu. Mwaka jana alirudi na jogoo.

MFAUME: Jogoo aliyekulisha Idi, usimtaje kwa dharau. Mwaka huu nimerudi na mtoto wa mbwa. Nilipeleka gunia zangu za korosho, foleni haisogei, nikajibanza kivulini nyuma ya ghala. Nasikia kitu kinalia ndani ya magunia matupu. Makuli wananiambia, "Kaka, kiache, mama yake kagongwa na lori, hiki jioni tunakitupa." Kadogo kanaenea kiganjani, tumbo la minyoo limejaa kama ngoma, viroboto mpaka ndani ya masikio. Nikakatia kapuni.

SOMOE: Na jina ukalipata hapo hapo.

MFAUME: Jina lilikuja lenyewe. Nilitoka nyumbani kufuata stakabadhi, nikarudi na yeye. Basi anaitwa Stakabadhi.

SOMOE: (anacheka) Mnaotusikiliza kutoka mbali, huku mtu anapeleka korosho chama cha msingi, inapimwa, anapewa stakabadhi, korosho inakwenda ghala kuu, inangoja mnada, hela inafuata benki siku ikijaliwa. Tuko hivyo tangu msimu wa 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanzia hapa hapa Mtwara. Kwa hiyo huyu bwana kafuga mbwa mwenye jina la kushtua watu.

MFAUME: Na wameshtuka! Juzi usiku kaniponyoka mlangoni, giza totoro, umeme hakuna. Natoka nje naita, "Stakabadhi! Stakabadhi, njoo!" Milango ikafunguka mtaa mzima. Mzee wa nyumba ya pili katoka, msuli hajaufunga sawasawa, ananiuliza, "Zimesoma? Benki gani?"

SOMOE: Maskini! Ukamjibuje?

MFAUME: Nikamwambia zimepita hapa sasa hivi, zimekimbilia kwa fundi baiskeli. Hanisemeshi hadi leo.

SOMOE: Na nyumbani wamelikubali hilo jina?

MFAUME: Watoto wanamwita Simba. Mke wangu anamwita Makato.

SOMOE: Makato!

MFAUME: Anasema sahani yoyote ikiandaliwa kwenye nyumba hii, lazima huyu achukue chake kwanza, na hakuna anayejua kwa sheria gani.

SOMOE: Shemeji ana akili kuliko wewe. Makato ndilo jina. Mimi kuanzia leo namwita Makato.

MFAUME: Humwiti wewe, hujamlisha.

SOMOE: Ngoja nikwambie habari ya majina ya mbwa. Babu yangu kule Mikindani alikuwa na mbwa wa kufukuzia nguruwe pori wanaokuja kwenye muhogo. Na alikuwa na ugomvi na jirani yake, mpaka wa minazi. Mbwa akamwita Yatawashinda. Jioni ikiingia anasimama uani kwa sauti ya kunadi, "Yatawashindaaa! Njoo ule!"

MFAUME: Na jirani anasikia.

SOMOE: Anasikia, na si mtu wa kunyamaza. Akatafuta mbwa jike huko Mtwara mjini, akamwita Tutaona. Basi ikawa kila jioni, huku "Yatawashindaaa!", kule "Tutaonaaa!" Bibi anasema watoto walikuwa wanatoka mchezoni kuja kusikiliza.

MFAUME: Na hakuna wa kumpeleka mwenzake kwa balozi. Mtu anaita mbwa wake.

SOMOE: Hakuna! Na mbwa wenyewe hawana habari, wanacheza pamoja ufukweni. Mwisho Tutaona akashika mimba.

MFAUME: Ya Yatawashinda?

SOMOE: Ya nani tena? Wazee wakalazimika kukaa baraza moja kugawana watoto. Hawakuwa wameketi pamoja tangu kesi ya minazi. Kahawa ikaletwa, wakagawana, na yule aliyechukuliwa na babu akaitwa Basi.

MFAUME: (anacheka mpaka anakohoa) Basi! Huyo mzee ningemwomba anipe jina la huyu wangu.

SOMOE: Angemwita Makato.

MFAUME: Somoe, tumetumia nusu ya kipindi.

SOMOE: Haya. Nina karatasi hapa, nimeandika mambo matano ya kumzoeza mtoto wa mbwa aliyeokotwa. La kwanza, usiku. Analala wapi?

MFAUME: Koridoni. Boksi la sabuni, kanga kuukuu, mlangoni pa chumba chetu. Mwanzoni alilazwa uani, akalia mpaka adhana ya alfajiri. Alipohamishiwa ndani, akaivuta ndala yangu, akatia pua pale kinapokaa kidole gumba, kimya. Mpaka asubuhi.

SOMOE: Koridoni ni ndani ya nyumba.

MFAUME: Ni ndani, ndiyo.

SOMOE: Mama mkwe wako akija anasali wapi?

MFAUME: Sebuleni.

SOMOE: Akitoka kutawadha anapita wapi?

MFAUME: Koridoni. Najua unakokwenda.

SOMOE: Nakwenda huko huko. Sisi Mashafii mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nani ataosha? Nyie mnaosema mbwa alale ndani sio mnaopiga deki.

MFAUME: Deki ya koridoni napiga mimi.

SOMOE: Tangu lini?

MFAUME: Tangu Jumanne.

SOMOE: Jumanne hii?

MFAUME: Deki ni deki. Na dini unayoitaja ndiyo yenye habari ya yule mwanamke aliyemtekea maji mbwa kwa kiatu chake, akasamehewa. Na watu wa pangoni, Suratul Kahf, walilala na mbwa wao.

SOMOE: Walilala na mbwa wao wapi? Sema mpaka mwisho. Alinyoosha miguu kizingitini! Hakuingia.

MFAUME: Kizingiti si cha pango? Ukifika kizingitini kwangu si umefika kwangu?

SOMOE: Nimefika, sijaingia. Ndiyo maana tunapiga hodi.

MFAUME: Basi na boksi lipo kizingitini pa chumba.

SOMOE: Pa chumba! Mimi nasema pa nyumba. Sikukatazi kumfuga, Mfaume, kumwokota umefanya jambo la heri. Nasema ajengewe banda mlango wa nyuma, apewe hiyo hiyo kanga na hiyo hiyo ndala.

MFAUME: Mbwa huzoea dunia akiwa mchanga sana, kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Anachokutana nacho wakati huo, sauti, harufu, watoto, pikipiki, hakimtishi baadaye. Anayekua peke yake uani ndiye anayekuja kuwauma watoto wa watu kwa woga. Huyu wangu atakuwa hapa, asikie watu.

SOMOE: Azoee watu mchana. Usiku watu wamelala, anamzoea nani?

MFAUME: Anazoea pumzi zao.

SOMOE: Pumzi! Na mwizi akija uani, mlinzi yuko koridoni anazoea pumzi, kuku wameshaondoka.

MFAUME: Ana kimo cha birika, Somoe. Atamlinda nani?

SOMOE: Atakua. Akizoea ndani, siku ukimtoa atajiona amefukuzwa. Huo ndio ukatili, sio banda.

MFAUME: Sitamtoa.

SOMOE: Kwa hiyo mama mkwe hatakuja.

(kimya)

MFAUME: Mama mkwe atakuja, na atapita mlango wa uani.

SOMOE: Umesikia ulichosema? Mbwa apite mbele, mama apite nyuma?

MFAUME: Sijasema hivyo.

SOMOE: Imerekodiwa. Binti yako mdogo je?

MFAUME: Yule ndiye kazi. Akimwona anapanda juu ya kinu, anakaa huko na kitabu chake cha shule. Simlazimishi. Namwambia akae huko huko, arushe kipande cha dagaa. Jana alishuka mguu mmoja.

SOMOE: Hilo nakuunga mkono. Mtoto asisukumwe, na mbwa naye asisukumwe. Chakula?

MFAUME: Ugali laini na mchuzi wa dagaa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maziwa ya ng'ombe tulimnyima, yanawaharisha. Vitunguu hapewi, ni sumu kwao. Lakini kilichonitoa jasho ni korosho. Anatafuna kila kitu, na uani kwangu zimeanikwa korosho ghafi.

SOMOE: Lo, yale mafuta ya ganda!

MFAUME: Sisi tuliojichora nayo mikononi utotoni tunajua yanavyobabua. Sasa fikiria ulimi. Nimenyanyua turubai lote, nimeanika juu ya kichanja, na kila asubuhi tunafagia na kuokota iliyodondoka. Mnaofuga Newala, Tandahimba, Masasi, msimu huu angalieni hilo.

SOMOE: Chanjo?

MFAUME: Daktari wa mifugo kampa dawa ya minyoo. Ya kichaa cha mbwa anasema akitimiza miezi mitatu.

SOMOE: Usiache ipite. Huku kusini tuliwahi kuwa kwenye mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, kuanzia 2010, wa kuchanja mbwa. Hesabu yao ni kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Nanyi mnaosikiliza, mbwa akikuuma au akikukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, uende hospitali siku hiyo hiyo. Habari za kupaka pilipili au mafuta ya taa ziacheni. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakitibiki.

MFAUME: Magharibi inaadhiniwa hiyo.

SOMOE: Na karatasi yangu? Kuna kukojoa ndani, kuna kuzoea kamba, kuna kumwacha peke yake...

MFAUME: La kwanza lenyewe hatujakubaliana.

SOMOE: Hatutakubaliana. Banda, Mfaume.

MFAUME: Koridoni.

SOMOE: Aliyeuliza habari ya paka wake wa Msimbati, swali lako tumeliona, tutalijibu kipindi kijacho. Mfaume, nyanyua mguu, umekanyaga waya wa maiki.