Mombasa: Ngome na Ufuo wa Jiwe Moja

Ndugu walimu wenzangu,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumze nanyi kabla hamjawapeleka wanafunzi wenu Mombasa. Nimeisoma ratiba mliyoiandaa, nikaona kwamba siku tatu zimetengewa ufuo wa bahari, ilhali ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale vimepewa saa moja tu, tena asubuhi ya kuondoka, wakati mizigo imeshapakiwa na dereva anapiga honi. Nimekuja kuwaomba mpangilio huo mwugeuze. Sisemi bahari iachwe, kwa maana mtoto aliyekulia bara anastahili kuukanyaga mchanga wa Nyali na kuonja chumvi ya maji yake. Nasema tu kwamba ngome na ufuo ni habari moja, na anayeanzia ngomeni huuona ufuo kwa macho mengine kabisa.

Tuanze na jiwe lenyewe. Ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani iliyochorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa katika utumishi wa Wareno. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni za matumbawe vilevile. Mkifika chini ya ukuta unaotazama bahari, msikimbilie kupiga picha. Mwambieni kila mwanafunzi asogee karibu, achague jiwe moja ambalo lipu yake imebanduka, alitazame kwa dakika mbili nzima. Ataona vitundu vidogo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, na pengine kipande cha kombe kilichonaswa humo tangu jiwe hilo lilipokuwa kiumbe hai chini ya maji. Jioni, atakapouchota mchanga mweupe wa Nyali, atajua kwamba ndani yake mna unga wa matumbawe pia.

Kwamba Wareno walikuja kutafuta njia ya baharini ya kwenda Bara Hindi, hilo wanafunzi wenu wamekwisha kulisoma darasani. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, hakupata makaribisho, akaendelea hadi Malindi, na mwaka 1505 majeshi ya Francisco de Almeida yakauteketeza mji. Sitakaa sana hapo. Ninalotaka mkae nalo ni lile lililotokea ndani ya ngome baada ya kujengwa, kwa sababu ndilo linalopotea kwa urahisi wageni wanapoambiwa tu kwamba hii ni ngome ya Wareno.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635, ambayo humsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuutiisha upya mwambao. Msomaji makini atajiuliza: kwa nini mwambao ulihitaji kutiishwa upya? Jibu ni kijana aliyeitwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno kule Bara Hindi, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mtawala kwa niaba ya watu wale wale. Agosti 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu wa baba yake na kuitwaa ngome. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, Wareno na Waafrika kwa pamoja, na jambo hilo pia lazima wanafunzi waambiwe bila kufichwa. Wareno walirudi mwaka uliofuata, naye akawa amekwisha kuondoka kwa bahari. Hivyo yale maandishi ya langoni ni maneno ya mshindi, na aliyeshindwa hana jiwe lake pale. Mwalimu akisimama chini ya lango hilo bila kumtaja Yusuf, amemwacha kapteni azungumze peke yake.

Hali kadhalika ule mzingiro mkubwa wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Tumezoea kuueleza kama vita vya Waarabu na Wareno. Lakini maradhi yalipowamaliza askari wa Kireno mwaka 1697, waliobaki kuilinda ngome kwa muda walikuwa watu wa mwambao wetu, wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate. Waswahili walikuwa nje ya kuta, na Waswahili walikuwa ndani, kila upande na sababu zake. Kwa maoni yangu, hakuna somo la historia lililo gumu na la kweli zaidi ya hilo kwa kijana wa kidato cha tatu.

Kisha wafundisheni neno moja: gereza. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, na kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome nzima kuwa jela hadi mwaka 1958, kabla haijawa makumbusho mwaka 1960. Leso ambayo mama zetu hujifunga nayo ina jina la Kireno, na meza tunayolia chakula pia. Wareno waliondoka, na maneno waliyoyaacha wenyeji wakayafanya yao.

Mkitoka ngomeni, ingieni Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Basi libaki nje. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ni wa mwaka 1570, ni mkongwe kuliko ngome yenyewe, na bado watu wanaswali humo. Ninasisitiza hili kwa sababu limewahi kuniumiza: niliwahi kuona kundi la wageni likipiga picha mlangoni mwa nyumba ya watu huku mama wa nyumba amesimama na beseni la nguo, akisubiri wapishe. Mji wa Kale ni mtaa wa watu. Wanafunzi wavae nguo za heshima, watoe salamu kwanza, shikamoo kwa wazee, na waombe ruhusa kabla ya picha.

Njiani kwenda Nyali mtapita Kengeleni, ambako ingalipo kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Shukeni hapo, hata kwa dakika kumi.

Ufuoni, ulizeni wavuvi saa za maji kupwa na kujaa kabla ya kuwaachia watoto. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kuliko kawaida, maji hutoka mbali sana, nayo hurudi kwa kasi inayomshangaza mgeni. Mkienda Agosti, upepo wa kusi utakuwa umesukuma mwani mwingi mchangani. Wanafunzi waelezwe kwamba upepo huohuo ndio uliokuwa ukivirudisha vyombo Arabuni na Bara Hindi, kama kaskazi, upepo utokao kaskazini, ilivyokuwa ikivileta.

Jioni ya mwisho wapelekeni Mama Ngina Drive. Wanunulieni mihogo ya kuchoma iliyotiwa pilipili na ndimu, wakae wakitazama bahari. Meli za makontena hupita pale karibu sana, zikielekea bandari ya Kilindini. Waacheni wasome majina yaliyoandikwa ubavuni mwa meli, na bandari zilizoandikwa nyuma yake.