Pima Maji Kabla ya Kushika Dawa
Mhadhara kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

Habari za jioni, ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni. Nimefurahi kuona wauza samaki wamekaa mstari mmoja na wateja wao, maana nitakayosema leo yanawahusu wote.

Nianze na simu ambazo watu kama mimi tunapigiwa. Mazungumzo huwa ni yaleyale. "Daktari, samaki wangu wanakufa, nitie dawa gani?" Namuuliza, amonia imesoma ngapi? Kimya. Tangi lina muda gani? "Wiki mbili." Umeshatia nini mpaka sasa? Hapo orodha inaanza: dawa ya bluu, dawa ya kijani, kidonge cha antibiotiki kilichobaki kabatini, na chumvi kiganja kimoja. Samaki aliyekuwa anateswa na maji sasa anateswa na maji na dawa tatu juu yake. Ile antibiotiki nayo inaweza kuwaua bakteria wema waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kuota kwenye filta, kwa hiyo maji yanazidi kuharibika, samaki wanazidi kufa, na mwenye tangi anarudi dukani kutafuta dawa nyingine.

Ombi langu kwenu ni moja. Samaki akiugua, kitu cha kwanza kushika kiwe ni vichupa vya kupimia maji. Pima amonia, nitriti, nitrati, pH (yaani kipimo cha uasidi wa maji) na joto. Dakika ishirini zinatosha. Ukishapata majibu ndipo tuzungumze habari za dawa.

Kwa nini amonia ndiyo ya kwanza? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua, na chakula kinachooza chini kinatoa nyingine. Kwenye filta iliyokomaa wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa. Hao bakteria hawaji na tangi kutoka dukani. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Ukijaza samaki kumi siku ya kwanza, wiki mbili hizo wanaogelea ndani ya taka zao wenyewe.

Hapa naomba tutulie kidogo, hasa ninyi mnaofuga sikilidi, yaani samaki wa jamii ya perege, wa Ziwa Tanganyika. Kipimo cha amonia mnachonunua kinasoma jumla ya aina mbili zilizochanganyika. Moja ni amonia yenyewe, yenye sumu kali. Ya pili ni amoniamu, ambayo samaki anaivumilia. Mgawanyo wao unategemea pH na joto. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo karibu na maji ya Tanganyika yenyewe, inapita theluthi moja. Sasa chukueni matangi mawili, yote yanasoma miligramu 1 kwa lita. La mwenye gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, pH 7, lina muda wa kushughulikiwa. La mwenye Tropheus, mmoja wa sikilidi hao wa Tanganyika, pH 9, lina zaidi ya miligramu 0.3 za sumu halisi, wakati matamvua huanza kuungua kwenye 0.05 tu. Rangi ndani ya kichupa ni ileile, lakini tangi moja lina tatizo na la pili lina msiba.

Jambo hilihili linaeleza kwa nini samaki waliosafiri kutoka Kigoma wanafika wazima halafu wanakufa mkishawafungua. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu wanayotoa inayeyuka majini na kushusha pH. Amonia inalimbikizana kwa saa nyingi, lakini kwa kuwa pH imeshuka, sehemu kubwa ni ile isiyo na ukali. Ukifungua mfuko, hewa ile inatoka, pH inapanda, na amonia yote iliyolala inaamka. Mtu anayedondoshea maji ya tangi ndani ya mfuko ulio wazi kwa saa mbili, akidhani anamzoesha samaki taratibu, anamweka kwenye sumu. Kwa samaki wa safari ndefu, elea mfuko juu ya tangi ukiwa bado umefungwa mpaka joto lilingane. Ukishaufungua usikawie: mtoe samaki kwa wavu, mtie kwenye maji safi ambayo chumvi na ugumu wake umevilinganisha mapema na vya alikotoka, na maji ya mfuko uyamwage nje.

Nitriti inaua kwa njia nyingine. Inaingia kwenye damu na kuinyima uwezo wa kubeba oksijeni, damu inakuwa ya kahawia. Utawaona samaki wamejazana juu wanapigania hewa ingawa pampu inafanya kazi. Chumvi hapa ina kazi ya kweli: kloridi iliyomo ndani yake huizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Gramu 1 kwa lita inatosha kabisa, huku ukibadilisha maji nusu kwa nusu mpaka filta ikae sawa. Ipimeni kwa mizani ya jikoni, maana kiganja cha mtu mmoja si cha mwingine.

Kuhusu umeme. Unapokatika kwa saa kadhaa, bakteria wa filta iliyofungwa wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi, filta inamwaga uozo ule wote ndani ya tangi. Ukikatika muda mrefu, fungua filta, suuza sponji zake kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, ndipo uiwashe. Usizisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini. Na pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya samaki wawili. Sielewi mtu anavyotumia malaki kwenye samaki akaikosa hiyo.

Klorini nayo: maji yaliyokaa kwenye simtank siku mbili tatu kwa kawaida yameshaipoteza. Yale yanayotoka bombani moja kwa moja yaache kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikiwa ndani.

Haya, tuseme maji yako safi na samaki bado anaumwa. Sasa mtazame. Mtazame asubuhi kabla hujawasha taa wala kumpa chakula, kwa sababu samaki mwenye njaa aliyekuona huficha mengi. Anapumua haraka kuliko wenzake? Mapezi ameyabana? Anajisugua kwenye mawe? Kinyesi chake ni cheupe na chembamba kama uzi? Mtazame pia kutoka juu, maana tumbo na magamba huonekana vizuri zaidi ukiwa juu.

Ugonjwa mnaoujua wote ni ule wa vitone vyeupe, kila kimoja ukubwa wa punje ya chumvi laini. Kimelea chake kinaitwa Ichthyophthirius, jina alilopewa na Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Watu wengi hushindwa kuutibu kwa sababu wanasimamisha dawa mapema. Kile kitone unachokiona kiko chini ya ngozi, na hapo hakuna dawa ya majini inayokigusa. Kikishiba kinadondoka, kinajikunja kwenye changarawe na kugawanyika kuwa watoto mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Hao watoto wanaoogelea kutafuta samaki ndio pekee dawa inawaweza, na wasipompata samaki ndani ya siku mbili hivi wanakufa wenyewe. Kwa hiyo siku vitone vinapotoweka na mtu akasema samaki amepona, ndiyo siku vita vinaanza chini kwenye changarawe.

Mzunguko huo unaendeshwa na joto. Huku Dar, maji yakiwa nyuzi 27 au 28, unakwisha chini ya wiki moja. Iringa au Arusha, kwenye tangi lisilo na hita lenye nyuzi 18, huenda karibu siku kumi, kwa hiyo mwenzetu wa huko lazima atibu muda mrefu zaidi. Kwa samaki wanaovumilia, pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, weka chumvi gramu 2 kwa lita, sugua changarawe kila siku, na uendelee angalau wiki nzima baada ya kitone cha mwisho kupotea. Ongeza hewa pia. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu tu. Ukitumia dawa ya kijani, toa kwanza mkaa ulio kwenye filta, la sivyo mkaa utainywa dawa yote. Kambare wa mapambo na mimea hawapendi chumvi, hao wafikirie kabla.

Ila joto hilohilo linalosaidia kumaliza vitone ni rafiki mkubwa wa ugonjwa mwingine, na hapa utambuzi ndio unaoamua samaki aishi au afe. Mmemwona samaki mwenye utando mweupe mdomoni, au doa la kijivu mgongoni lililokaa mithili ya tandiko? Dukani utaambiwa ni fangasi. Mara nyingi si fangasi, ni bakteria anayeitwa Flavobacterium columnare. Fangasi wa kweli huota kwenye kidonda au nyama iliyokwisha kufa, nyuzi zake ni ndefu kama pamba, na hana haraka. Bakteria huyu utando wake ni mfupi, kingo zake huwa na umanjano, na kwenye maji ya moto anaweza kumaliza tangi ndani ya siku moja au mbili. Ukimpandishia joto umemsaidia. Shusha joto, ongeza hewa, tenga wagonjwa, na mtafute daktari wa mifugo kwa ajili ya antibiotiki.

Na hata hiyo antibiotiki ina masharti. Oxytetracycline, ile wafugaji wa kuku na ng'ombe wanaifahamu sana, hushikwa na kalsiamu na magnesiamu iliyomo kwenye maji magumu. Ukiimwaga kwenye tangi la sikilidi wa Tanganyika, sehemu kubwa imekufa nguvu kabla haijamfikia samaki. Katika maji kama hayo hupitishwa kwenye chakula. Naomba kwa dhati tuache mtindo wa kumwaga kapsuli kwa kubahatisha. Maji ya tangi yanaishia kwenye mtaro, na vijidudu vinavyozoea dawa mtaroni humo haviishii kwa samaki.

Minyoo ni habari njema zaidi. Wale minyoo bapa wanaong'ang'ania matamvua, samaki akawa anapumua kwa upande mmoja na kujisugua, wanauawa na praziquantel, dawa ileile watoto wetu wanayopewa shuleni kwa ajili ya kichocho. Miligramu 2 kwa lita hutosha, na urudie baada ya wiki moja hadi mbili kwa sababu baadhi yao hutaga mayai ambayo dawa haiyagusi. Ukiona nyuzi nyekundu zinachungulia kwenye tundu la haja la gapi wako, huyo ni Camallanus, na praziquantel haimwezi. Yeye anatolewa na levamisole inayouzwa maduka ya mifugo, miligramu 2 kwa lita. Iwe levamisole peke yake, isiyochanganywa na dawa nyingine.

Tropheus anayekataa chakula, tumbo likavimba na kinyesi kikawa uzi mweupe, mwahini siku hiyohiyo. Hawa ni walaji wa mwani, utumbo wao ni mrefu, na vyakula vizito vya nyama vinawaumiza. Metronidazole, yaani Flagyl, miligramu 250 kwa lita 40, pamoja na kupunguza watesi ndani ya tangi, inaokoa wengi kama wakiwahiwa. Lakini samaki ambaye magamba yake yamesimama yote, figo zake zimeshindwa. Nitakuwa nawadanganya nikiwaambia huwa wanapona.

Kwa samaki wa namna hiyo kuna jambo ambalo si rahisi kulisema. Msiwatupe chooni, na msiwaweke kwenye friza wakiwa hai. Tumieni mafuta ya karafuu, tena Unguja na Pemba tunayo. Tikisa karibu nusu mililita kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe kama maziwa, kwa sababu mafuta matupu yataelea tu juu. Mimina polepole kwenye lita moja ya maji ya tangi alimo samaki. Atalala, kisha ataacha kupumua. Mwache humo nusu saa baada ya matamvua kutulia.

Mengi ya haya yasingefika nyumbani kwenu kama kila samaki mpya angekaa wiki nne kwenye tangi lake la pembeni, lenye wavu wake na ndoo yake. Ndugu zangu wauzaji, mkianza ninyi, wateja watafuata, na mtauza samaki wanaoishi.

La mwisho ni kuhusu mikono yenu. Samaki akikonda wiki hadi wiki, mgongo ukapinda, vidonda visipone, huenda ni Mycobacterium marinum, ndugu wa vijidudu vya kifua kikuu. Alitambuliwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa akwariamu ya Philadelphia, Marekani, na anaingia kwenye ngozi ya binadamu kupitia mchubuko mdogo. Kinatokea kinundu kidoleni au mkononi, baada ya wiki kadhaa, kinakaa miezi, na antibiotiki za siku tano hazikimalizi. Vaeni glavu mkiwa na kidonda, msinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na mkienda hospitali na kinundu cha namna hiyo, mwambieni daktari kwamba mnafuga samaki, kwa sababu yeye hatakuwa na sababu ya kuuliza.

Karibuni na maswali. Aliyekuja na maji yake kwenye chupa aanze kupita mbele, vipimo viko hapa mezani.