Hezi Ulizolipia na Hezi Unazoziona

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mlioacha viti vya mbele wazi kana kwamba nimekuja kudai ada, nawasalimu. Sitaeleza kwa kirefu hezi ni nini, yaani mara ambazo skrini hubadili picha kwa sekunde moja, kwa kuwa hakuna aliyeingia ukumbini humu asiyejua. Nitarudia jambo ninalolirudia kila ninaposhikishwa kipaza sauti hapa Dodoma: kabla ya kununua namba iliyoandikwa kwenye boksi la skrini, hakikisheni kwamba kompyuta yenu inaweza kuifikisha machoni penu.

Mwaka jana kijana mmoja wa Nkuhungu alinijia akilalamika kwamba ametapeliwa. Alikuwa ametoa akiba yake yote, akaagiza skrini ya hezi 144 kutoka Kariakoo, ikaletwa kwa basi, naye akaenda kuipokea stendi na kurudi nayo kwenye bodaboda akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Miezi minane baadaye alikuwa bado anauawa kwenye kila kona ya Counter-Strike, gemu la kupigana risasi, akahitimisha kwamba ameuziwa bandia. Nilikwenda kwake. Waya wa picha ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta, ilhali kadi ya picha, ile inayochora picha za gemu, ambayo nayo aliinunua kwa fedha nyingi, ilikuwa chini yake, matundu yake yangali na vifuniko vya plastiki. Tukauhamisha. Kisha nikafungua mipangilio ya skrini katika Windows, nikashuka hadi sehemu ya kina ambayo watu hawafiki, nikakuta 60. Nikachagua 144, skrini ikawa nyeusi kidogo, ikarudi, nami nikamwambia auzungushe mshale wa kipanya. Aliuzungusha bila kusema neno, kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, sasa muda wote huo nilikuwa nacheza nini?"

Alikuwa anacheza hezi 60. Katika hezi 60 kila picha hukaa mbele yako takribani milisekunde 16.7; katika hezi 144 hukaa kama 6.9. Adui anayechungulia nyuma ya ukuta anaweza kuwa amekwisha kuchorwa na kompyuta, nawe bado unatazama ukuta mtupu. Lakini skrini haizalishi picha, huonesha inacholetewa. Kadi inayotoa fremu, yaani picha, 70 kwa sekunde haiwezi kukupa picha mpya 144, hata ukiiombea dua. Punguzeni vivuli na madoido ndani ya gemu kwanza, ndipo mfikirie kuongeza hezi. Na mahali ambapo fremu hupanda na kushuka, itafuteni skrini inayoweza kubadili mwendo wake ili ulingane na wa kadi, teknolojia ambayo Nvidia, watengenezaji wa kadi za picha, waliitangaza mwaka 2013 kwa jina la G-Sync na wapinzani wao AMD wakaja na FreeSync yao. Bila hiyo picha hukatika katikati, kichwa kikawa huku na kiwiliwili kule.

Najua kuna atakayesimama aniambie kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya fremu 24. Hizo ni fremu za sinema, ndugu yangu, ambako kamera yenyewe hutia ukungu kwenye kila kitu kinachokwenda kasi, na mtazamaji wa sinema hashiki kipanya. Mwingine, na huyu huwa ni mwanafunzi wa umeme, huuliza skrini ya hezi 144 itafanyaje kazi ilhali umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kulipenda. Umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kabla ya kuifikia paneli, yaani kioo chenyewe cha skrini, na paneli hufuata saa yake yenyewe. Zile 50 huishia kwenye adapta.

Mwenyekiti ananionesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayapitisha haraka. Milisekunde 1 iliyoandikwa kwenye boksi, yaani muda wa rangi kubadilika kwenye skrini, mara nyingi hupatikana kwa kusukuma rangi za paneli kupita kiasi, hadi kila kinachosogea kikafuatwa na kivuli cheupe. Rudisheni mpangilio huo katikati. Paneli ziko za aina kadhaa. Za VA zina weusi mzuri, lakini nyingi huburuta uchafu kwenye sehemu zenye giza, hasa ndani ya mahandaki na vyumba. IPS itawatosha wengi wenu. OLED ndiyo yenye kasi kuliko zote, bei yake mtajijulia wenyewe. Inchi 24 kwa pikseli 1920 kwa 1080 haitaielemea kadi ya kawaida.

Pale nyuma nimeweka skrini mbili zinazofanana. Moja nimeipanga kwenye 60, nyingine kwenye 144, na namba zote nimezifunika kwa karatasi. Pangeni mstari, kila mmoja auzungushe mshale, aniambie ipi ni ipi.