Bei za Jumanne: mlisho wa tovuti na wajibu wa mchapishaji

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wahariri, wachapishaji na wenye blogu mliohudhuria, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiizungumzia milisho ya tovuti, na ninajua wapo wanaotamani leo niguse jambo jipya zaidi. Sitafanya hivyo. Wiki iliyopita nilizipitia tovuti za waliojiandikisha kuhudhuria, moja baada ya nyingine, nikakuta kwamba karibu zote zina mlisho, na kwamba dalili zote zinaonyesha wenyewe hawajawahi kuufungua. Anayetumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, aliupata mlisho siku ileile alipoisakinisha programu hiyo: ukiandika anwani ya tovuti yako, ukaongeza mkwaju (/) na neno feed mwishoni, utauona pale, ukiwa na makala 10 za karibuni. Wapo humu ambao mlisho wao bado unaitwa kwa jina la muda waliloipa tovuti siku za majaribio. Wapo ambao mlisho wao unatoa maneno 55 ya mwanzo kisha unakatika katikati ya sentensi. Hicho ndicho anachokiona msomaji aliyeamua kwa hiari yake kuwafuata, nami nasikitika kwamba msomaji mwaminifu kuliko wote ndiye tunayempa kilicho duni kuliko vyote.

Mlisho ni nini mnajua, kwa hiyo nitataja yale tu yanayohusu hoja yangu. Ni faili moja lililoandikwa kwa XML, yaani lugha ya alama za kupangia data, liwe la RSS au la Atom, ambayo ni mitindo miwili ya kuuandika mlisho, linalokaa kwenye seva yenu na kuorodhesha kila makala kwa kichwa chake, kiungo chake, tarehe yake, kitambulisho chake na maudhui yake. Programu ya msomaji huja yenyewe kuuliza kama kuna jipya. Mchapishaji hamjui msomaji kwa jina wala kwa namba ya simu, msomaji haombi ruhusa kwa mtu, na baina yao hakuna dalali anayeamua nani aone nini. Januari 2018, Mark Zuckerberg alipotangaza kwamba Facebook itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya vyombo vya habari, wachapishaji waliokuwa wamekusanya wafuasi kwa miaka mingi walijikuta hawana la kufanya, kwa kuwa orodha ya wafuasi hao haikuwa mali yao. Katika mlisho tangazo la namna hiyo haliwezi kutolewa, maana hakuna wa kulitoa.

Sasa niruhusuni nisimulie kisa ambacho baadhi yenu mmekisikia, kwa sababu sijapata kingine kinachoonyesha uzito wa jambo hili kama hiki. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu watatu tuliokuwa tukiendesha tovuti ndogo ya kilimo. Kila asubuhi tulipandisha bei za mazao katika masoko makubwa: gunia la mahindi, gunia la maharage, gunia la viazi mviringo, tenga la nyanya. Tulikuwa pia na ukurasa kwenye mtandao wa kijamii, na huko ndiko tulikomalizia nguvu zetu zote, tukijibu maoni hadi usiku. Mlisho ulikuwapo kwa sababu kijana aliyetuandikia programu ya tovuti aliuweka, na hatukuwahi kujiuliza ni nani anayeutumia.

Aliyekuwa akiutumia ni dada mmoja, mtangazaji wa redio ya jamii katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Studio yao ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, lakini mlisho wetu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba uliingia hata siku ambazo tovuti yenyewe iligoma kufunguka, na kila siku saa tatu asubuhi alizisoma bei zetu hewani. Ijumaa moja alinipigia simu. "Kaka, samahani kwa usumbufu," alisema, "mbona bei zenu ni zilezile tangu Jumanne? Hapa studio kuna mama amekuja, analalamika kwamba tumemdanganya." Nikaifungua tovuti yetu, nikaona bei za Ijumaa zipo mahali pake, nikamjibu kwa kujiamini kwamba kwetu kila kitu ni salama na kwamba bila shaka tatizo ni kompyuta yao. Jibu hilo linaniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Jioni nilipoufungua mlisho ndipo nilipokuta ujumbe wa kosa. Jumatano asubuhi mwenzetu mmoja alikuwa ameandika makala fupi yenye kichwa "Mahindi & Maharage", akitumia alama ile badala ya neno "na". Programu yetu iliipitisha alama hiyo hadi kwenye mlisho jinsi ilivyo. Katika XML alama hiyo ina kazi yake maalumu, na ikiachwa peke yake bila kuandikwa kwa namna inayotakiwa, faili zima huwa batili; programu ya msomaji mara nyingi hulikataa lote na kubaki na kile ilichopokea mara ya mwisho. Kivinjari husamehe kosa kama hilo, ndiyo maana ukurasa wetu ulionekana mzima machoni petu siku zote tatu. Tena, kwa kuwa vichwa vyetu vya kila siku viliandikwa "Bei za leo masokoni" bila tarehe yoyote, yule dada hakuwa na sababu ya kushuku kwamba leo iliyotajwa pale ilikuwa Jumanne. Mama aliyekuja studio alikuwa ameuza matenga 40 ya nyanya siku ya Alhamisi kwa bei aliyoisikia redioni, wakati tenga lilikuwa limepanda kwa shilingi 6,000. Hiyo ni shilingi 240,000 zilizopotea kwa sababu ya alama moja, na kwa sababu ya watu watatu ambao hawakuwahi kuutazama mlisho wao wenyewe.

Kosa tulilisahihisha kwa dakika tano. Kilichochukua muda ni kuelewa kwamba tulikuwa na msomaji mmoja aliyekuwa akitufikishia habari kwa wilaya nzima, na kwamba hatukumjua kwa kuwa hakuwahi kubonyeza kitufe chochote cha kutusifu. Ndiyo maana huwa nakosa uvumilivu ninapoambiwa kwamba mlisho ni kazi ya fundi. Fundi huunda, mhariri ndiye anayeuwajibikia, kama anavyowajibikia ukurasa wa kwanza wa gazeti. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya tovuti, lina ukurasa wa bure wa kukagulia milisho, na ukaguzi wake humalizika kwa sekunde chache. Mhariri anayeisoma makala mara tatu kabla ya kuichapisha hana udhuru wa kutokagua mlisho angalau mara moja kwa juma.

Mtaniambia, kama mnavyoniambia kila mara, kwamba RSS ilikufa pamoja na Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho. Ni kweli kwamba tarehe 1 Julai 2013 Google ilikifunga kisomaji hicho, na ni kweli kwamba watu wengi waliokitumia hawakutafuta kingine. Lakini kilichofungwa ni kisomaji kimoja, na kufungwa kwa duka moja la magazeti si kufungwa kwa magazeti. Wanaorudia maneno hayo husikiliza podikasti wakiwa njiani kwenda kazini, nao hawatambui kwamba podikasti yenyewe ni mlisho wa RSS. Mwaka 2000 Dave Winer, mmoja wa waliobuni RSS, aliongeza katika RSS kipengele cha kuambatisha faili la sauti. Mwaka 2004 mwandishi Ben Hammersley alilitumia neno podikasti katika gazeti la Guardian la Uingereza. Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti katika iTunes, programu yake ya muziki. Na hadi leo mwenye kipindi akichoshwa na kampuni inayomhifadhia sauti zake, huuelekeza mlisho wake kwenye anwani mpya na kuhama pamoja na wasikilizaji wake. Nionyesheni ukurasa wa mtandao wa kijamii ambao mwenyewe anaweza kuhama nao hivyo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nitalijibu kwa uangalifu. Mnasema kwamba mkitoa makala kamili katika mlisho, msomaji hatakuja tena kwenye tovuti, na wezi watazichukua makala zenu kwa urahisi. Kuhusu wezi, jibu ni fupi: anayeiba makala anaiba kutoka kwenye ukurasa wenyewe, na wengi wenu mmeibiwa ilhali milisho yenu inatoa dondoo tu. Afadhali mwizi anayenakili mlisho, kwa kuwa mkiweka ndani ya makala viungo vinavyorudi kwenye makala zenu nyingine, na mstari wa mwisho unaotaja ilikochapishwa kwanza, mara nyingi atavinakili hivyo pia bila kuvisoma.

Kuhusu msomaji, mfikirieni yule aliyenunua bando la siku. Makala ya maneno 1,000 ya Kiswahili ni kama kilobaiti 7 za maandishi. Ukurasa uleule, ukiwa na picha ambazo hazikupunguzwa, matangazo na programu za kuhesabu wageni, hupita megabaiti 2 kwa urahisi. Mnapompa dondoo la maneno 55 mnamlazimisha alipe mara mia kadhaa ya data ili amalizie sentensi, na hamuwezi kumlaumu akiamua kutoimalizia. Nakubali kwamba anayeishi kwa matangazo yanayolipwa kwa kila ukurasa unaofunguliwa atapoteza kitu. Basi na aweke mstari wa mdhamini ndani ya mlisho wenyewe, chini ya makala, kwa maandishi ya kawaida yasiyohitaji programu ya mtu mwingine. Msomaji aliyesoma makala nzima kwa utulivu ana thamani kubwa zaidi kwa mdhamini kuliko aliyefungua ukurasa na kuufunga kabla picha hazijamaliza kupanda. Mpangilio huo katika WordPress uko kwenye sehemu ya usomaji, nao ni chaguo moja tu kati ya mawili: makala kamili au dondoo.

Mwenyekiti amenionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia kwa haraka, ingawa yalistahili muda wake.

Anwani ya mlisho iwe ya kikoa chenu wenyewe, yaani jina la tovuti yenu. FeedBurner, huduma ya kusambaza milisho, ilianzishwa Chicago mwaka 2004, ikanunuliwa na Google mwaka 2007, na wachapishaji wengi waliwapa wasomaji anwani ya FeedBurner badala ya ile ya kwao. Julai 2021 huduma yake ya kuwatumia wasomaji barua pepe iliondolewa, na ambaye hakuwa ameipakua orodha yake alilazimika kuhangaika. Mnaweza kutumia huduma ya yeyote, mradi anwani anayoishika msomaji iwe yenu.

Kitambulisho cha makala kikishatolewa kisibadilishwe, hata mkihamisha tovuti. Kikibadilika, makala zote kumi zitarudi kwa wasomaji kana kwamba ni mpya. Kinyume chake ni kibaya vilevile: makala mpya ikipewa kitambulisho cha ile ya jana, programu nyingi zitaamini kwamba msomaji amekwisha kuiona. Tarehe nayo iandikwe pamoja na majira ya saa zetu, yaani saa tatu mbele ya zile za Greenwich.

Katika kutangaza biashara, mlisho hufanya kazi ambazo wengi wenu mnazifanya kwa mkono. Huduma za barua pepe kama Mailchimp zinaweza kuusoma mlisho na kuwatumia wateja wenu makala za juma zima kwa siku na saa mliyopanga, bila mtu kukaa kunakili na kubandika. Kila kategoria katika WordPress ina mlisho wake, kwa hiyo duka linaloandika kuhusu mbegu na kuhusu zana linaweza kumpa mkulima mlisho wa mbegu peke yake, naye hatachoka na habari za matrekta asiyoyahitaji. Viungo vilivyomo kwenye mlisho vinaweza kuwekewa alama itakayowaonyesha, katika takwimu za tovuti, ni wageni wangapi wametokea huko. Google pia hukubali mlisho kama ramani ya tovuti, ili mtambo wake wa kutafutia uzione makala mpya mapema. Nilikusudia kuieleza WebSub, inayowezesha makala kumfikia msomaji papo hapo bila programu yake kusubiri zamu ya kuuliza, lakini hilo litangoja siku nyingine.

Muda wa maswali ni mfupi, nami naomba tuutumie kwa vitendo. Kompyuta yangu imeunganishwa na ile skrini kubwa. Mwenye tovuti aje mbele, au aitaje anwani yake kutoka alipokaa, tuufungue mlisho wake hapa hapa na kuukagua. Tukikuta kosa tulisahihishe kabla ya chakula cha mchana, na tuanze na dada aliyeinua mkono pale nyuma.