Maneno Mawili Tuliyoyaongeza: Mhadhara juu ya Mafundisho Magumu ya Kristo

Tumsifu Yesu Kristo. Mapadri wetu, watawa, wazee wetu, mama na dada zetu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, nawashukuru kwa kuniita. Paroko aliponiomba nizungumze juu ya mafundisho magumu ya imani yetu, nadhani alitarajia nianze na Utatu Mtakatifu. Nitamsikitisha kidogo. Fumbo hilo linaishinda akili, ni kweli, lakini sijamwona mtu wa hapa Goma aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Yanayotunyima usingizi ni maneno ambayo hata mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza huyaelewa papo hapo: mpende adui yako, usilipize kisasi, huwezi kumtumikia Mungu na mali.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, aya ya 22, Bwana anasema: "Kila amwoneaye ndugu yake hasira itampasa hukumu." Ndivyo tunavyosoma katika Biblia yetu ya Kiswahili, na ndivyo ilivyo katika hati ya kale ya karne ya 4 iitwayo Vaticanus. Lakini hati nyingine nyingi zina neno moja zaidi la Kigiriki, ambalo kwa lugha yetu huwa maneno mawili: "bila sababu". Kila amwoneaye ndugu yake hasira bila sababu. Katika hati nyingine ya karne hiyo hiyo, iitwayo Sinaiticus, neno hilo halikuwamo hapo mwanzo. Mkono mwingine uliliongeza baadaye, na likaja kuingia hata katika Biblia maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1611.

Simlaumu mtu huyo wa kwanza aliyeliongeza, ambaye jina lake hatulijui. Huenda alikuwa mchungaji mwema aliyewahurumia waamini wake, akaona kwamba mzigo huu utawavunja mgongo. Lakini tazameni alichokifanya. Ni nani kati yetu amewahi kukasirika bila sababu? Hata anayempiga mke wake usiku ana sababu, na asubuhi atakueleza moja baada ya nyingine. Hapa kwetu, ndugu zangu, sababu hazijawahi kuadimika: shamba lililochukuliwa, ng'ombe waliopelekwa, ndugu asiyejulikana alikozikwa. Kwa maneno mawili tu, amri iliyokuwa ikimkamata kila mtu ikawa haimkamati yeyote.

Kazi hiyo ya kulainisha haikuishia kwenye hasira. Wengi wenu mmesikia kwamba lile tundu la sindano ambalo ngamia hawezi kulipenya lilikuwa lango dogo la mji wa Yerusalemu, ambalo ngamia aliweza kulipita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Nami nimelihubiri hilo, tena kwa sauti kubwa, katika ujana wangu wa ukatekista. Hakuna ushahidi wowote kwamba lango la namna hiyo lilikuwapo wakati wa Yesu. Ni hadithi iliyozuka karne nyingi baadaye. Tajiri aliyeitoa sadaka yake kubwa Jumapili ile alinishika mkono kwa furaha, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Yesu mwenyewe aliposikia malalamiko alifanyaje? Sura ya 6 ya Yohane ni ndefu, nami nawaomba mkaisome nyumbani yote kwa mara moja. Makutano wamekula mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wakashiba, wakataka kumfanya mfalme. Kesho yake wanamfuata mpaka Kapernaumu, naye anawaambia kwamba wasipoula mwili wake na kuinywa damu yake hawana uzima ndani yao. Ni Wayahudi, ambao Torati inawakataza damu kwa ukali. Wananung'unika. Hapo ndipo mwalimu mwenye busara ya kibinadamu angesema, "Ngojeni, mmenielewa vibaya." Yeye anazidisha: kitenzi cha Kigiriki kinachotumika kuanzia aya ya 54 kinaacha kuwa kile cha kawaida cha kula na kuwa kile cha kutafuna. Wanafunzi wake wengi wanasema, "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" Wanaondoka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwakimbilia njiani ili kuwapunguzia.

Neno "gumu" hapo, katika Kigiriki, ni lile litumikalo pia kwa kitu kilichokauka na kukakamaa. Sisi tunaoishi juu ya makoro, haya mawe meusi ya volkano, tunalielewa bila kamusi. Mwashi wa Goma hapotezi siku yake akijaribu kulilainisha koro. Analigeuza na kuligonga, na kulitafutia mahali ukutani ambapo ugumu wake utabeba nyumba.

Sasa niwapeleke karibu zaidi, hapa mpakani petu na Rwanda. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akajiunga na Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na wakati wengi wetu tulikuwa tukiwafukuza maibobo, watoto wa mitaani, mbali na magari yetu, yeye alikaa nao na kuwafundisha. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, akiwa na jukumu la kuangalia zile zilizoharibika. Ulipofika mchele usiofaa kuliwa, aliahidiwa pesa ili aupitishe. Alikataa, na walipomrudia alikataa tena. Mwaka 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenyeheri.

Nataka tukae hapa kidogo, hasa ninyi vijana mnaotafuta kazi, kwa sababu Kanisa limemtambua kuwa shahidi aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Imani gani, mtu anaweza kuuliza, wakati ugomvi ulikuwa wa mchele? Hakuna aliyemwambia amkane Kristo, wala aliyemkataza kwenda misani. Waliotaka mchele upite wangefurahi kumwona akiendelea kusali, mradi tu aongeze neno moja kwenye ile amri ya kumpenda jirani: mpende jirani yako, "ikiwezekana". Wangapi wetu tungesema kwamba mshahara ni mdogo, kwamba wakubwa nao wanakula, kwamba haya ni madesu ya bana tu, yaani maharage ya watoto, kama ndugu zetu wa Kinshasa waiitavyo rushwa? Jirani ambaye Floribert alimpenda hakuwa hata na sura. Alikuwa mtu fulani wa mtaa wa Birere au wa Katoyi ambaye angenunua kilo moja ya mchele ule jioni, na ambaye mpaka leo hajui.

Nimebakiza adui, na hapa lazima niende polepole. Wako wanaotumia neno la kugeuza shavu la pili kuwanyamazisha walioumizwa, na huko pia ni kuongeza maneno, safari hii kwa upande mwingine: samehe "na unyamaze". Yesu hakufanya hivyo. Mtumishi alipompiga kofi mbele ya Kuhani Mkuu, alimjibu: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakulipiza, wala hakukubali kwamba kofi lile lilikuwa haki. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, watu walioteswa katika mikoa yetu hii ya mashariki walimweleza Papa Fransisko yaliyowapata, wakaweka chini ya msalaba vyombo kama vile vilivyowaua ndugu zao, panga na kisu. Walivitaja kwa majina yake kwanza. Na Mwenyeheri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimkatalia kanali wa waasi aliyemtaka kimwili, mpaka mwisho, kisha akamsamehe. Hakuona kwamba mojawapo inaifuta nyingine.

Nasema haya kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita, katika mkutano wa jumuiya, mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, aliyemuua mtoto wangu yuko hai, ananisalimia sokoni, hajaniomba lolote. Namsamehe nini?" Nilimjibu mara moja, kwa aya, sura na mstari. Nilijibu sawasawa kabisa, naye akakusanya kitenge chake akatoka. Usiku ule ndipo nilipoisoma upya sura ya 6 ya Yohane na kuona jambo nililokuwa nikiliruka. Yesu anawauliza wale Kumi na Wawili, "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Petro hasemi kwamba yeye ameelewa. Hasemi kwamba neno lile si gumu. Anasema, "Bwana! Twende kwa nani?"

Jumapili iliyofuata mama yule alirudi, akaketi mahali pake pale pale, karibu na dirisha. Wakati wa kupeana amani nilimpa mkono, naye akaupokea. Sikumuuliza kitu.