Sucellus, Mungu Mwenye Nyundo

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko Gaul, Ufaransa ya enzi za Warumi. Kaka Elia, umekuja na mungu ambaye wengi hawajapata kumsikia.

ELIA: Anaitwa Sucellus, dada. Mzee wa ndevu, mkono mmoja nyundo yenye mpini mrefu, mwingine kachungu kadogo. Mara nyingi ana mbwa miguuni. Sanamu zake ni nyingi, hasa bonde la mto Rhône na Burgundy, ila zenye jina lake ni za kuhesabu.

ZUHURA: Sasa jina lilijulikanaje?

ELIA: Hapo ndipo panaponivuta mimi. Mwaka 1895 pale Sarrebourg, mashariki mwa Ufaransa, lilichimbuliwa jiwe lililochongwa watu wawili wamesimama pamoja. Sucellus na nyundo yake, na mungu wa kike Nantosuelta, ameshika fimbo ndefu ambayo juu yake kuna kijumba. Mkono mwingine anamimina sadaka madhabahuni. Chini yao yupo kunguru. Maandishi ni ya Kilatini: kwa mungu Sucellus na Nantosuelta, Bellausus mwana wa Massa ameondoa nadhiri yake kwa hiari, kama inavyostahili.

ZUHURA: Kumbe ni nadhiri!

ELIA: Ndiyo ibada yenyewe. Unaomba, unaahidi, ukijibiwa unalipa. Na malipo hayo yalikuwa ya kawaida mno hata wachongaji waliandika herufi nne tu mwishoni, V.S.L.M., kifupi cha Kilatini cha “ameondoa nadhiri yake kwa hiari, kama inavyostahili”, na kila mtu akaelewa.

ZUHURA: Huyu Bellausus ni nani?

ELIA: Anajitaja kwa jina lake na la baba yake basi, bila yale majina matatu ya raia wa Kirumi. Na hili lazima nilisisitize. Julius Caesar alipoandika juu ya miungu ya Wagauli aliipa majina ya Kirumi: Mercury, Apollo, Mars. Bellausus ametumia lugha ya watawala, na uchongaji wa mtindo wao, lakini miungu wake amewaita kwa majina yao. Bila yeye tungebaki kusema “yule mungu wa nyundo”.

ZUHURA: Na nyundo yenyewe ni ya kazi gani?

ELIA: Wataalamu wanavutana. Kuna wanaosema ni ya fundi mapipa, maana baadhi ya sanamu zina pipa, na maeneo hayo ni ya mvinyo. Wengine wanamhusisha na kuzimu, kwa kuwa Caesar aliandika kwamba Wagauli walijiita uzao wa Dis, mungu wa wafu. Mimi hoja ya mapipa naikubali kwa Burgundy, ila kwa jiwe la Sarrebourg hainitoshelezi. Pale hakuna pipa wala mzabibu. Kuna nyumba, chungu na sadaka.

ZUHURA: Mambo ya nyumbani, basi.

ELIA: Naona hivyo. Hata ile sanamu ya shaba kutoka Vienne, ambayo sasa iko Baltimore, Marekani, ilikuwa ya madhabahu ya nyumbani.

ZUHURA: Aliabudiwa Gaul peke yake?

ELIA: Hapana, alivuka bahari. Pale York, Uingereza, imepatikana pete ya fedha iliyochorwa jina lake.

ZUHURA: Pete! Kwa hiyo mtu alitembea naye kidoleni.

ELIA: Naam. Wiki ijayo tumgeukie Nantosuelta, maana kile kijumba chake kinahitaji kipindi kizima.