Hilali za Mamari: mwezi, Kilimia na maandishi ya Rapa Nui

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na kibao chenyewe. Kinaitwa Mamari, kiko Rome chini ya uangalizi wa watawa wa Mioyo Mitakatifu, na urefu wake ni sentimita 29 hivi kwa upana wa 19 na nusu. Mbao yake ni ya Thespesia populnea, mti ambao watu wa mwambao wetu wanauita mtakawa. Pande zote mbili zimejaa alama zipatazo elfu moja, mistari 14 kila upande. Ni mojawapo ya vipande vya mbao dazeni mbili na ushee vilivyobaki duniani vyenye maandishi ya rongorongo ya kisiwa cha Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka katika Bahari ya Pasifiki, na hakuna hata kimoja kilichobaki kisiwani.

Mnajua kwa nini hayasomeki. Mwishoni mwa 1862 majahazi ya watumwa kutoka Peru yalianza kuwazoa watu wa kisiwa kile, na wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia 1877 walikuwa wamebaki watu 111. Waliojua kusoma walikwenda na elimu yao. Askofu Jaussen wa Tahiti alimpata mtu wa Rapa Nui, Metoro, akamtaka amsomee vibao huku yeye akiandika. Alichopata ni mtu anayetaja picha anazoziona, na alama ile ile leo ina neno hili, kesho lile. Tusimlaumu Metoro, lakini tusijenge nyumba juu ya maneno yake.

Sasa njooni kwenye mstari wa 6 hadi wa 9 wa Mamari, upande wa kwanza. Kibao husomwa kuanzia chini kushoto. Unakwenda kulia mpaka mwisho wa mstari, kisha unakigeuza kibao kizima, juu kuwa chini, na kuendelea na mstari wa juu yake. Msomaji akisahau kugeuza atasoma nusu ya maandishi kichwa chini miguu juu, na kosa hili limeharibu kazi nyingi. Mwaka 1958 Mjerumani Thomas Barthel alionyesha kwamba hapa pana kalenda ya mwezi. Hilali zimepangwa moja baada ya nyingine, na katikati yake ipo alama ya mwezi mpevu: mtu aliyeketi. Watu wa Rapa Nui wanasema mwezini yumo bibi kizee anayewasha tanuri lake la kupikia, kama sisi tunavyoona vyetu katika madoa yale yale.

Kuzihesabu kunahitaji utulivu. Hilali za usiku zinaelekea upande mmoja, na jumla yake, pamoja na mwezi mpevu, ni 30. Kati ya mafungu ya hilali hizo yapo mafungu mengine ya alama, tuyaite vitangulizi, na kila kitangulizi kina hilali mbili zinazoelekea upande wa pili. Hizo usizihesabu. Anayezichanganya hupata idadi isiyolingana na mwezi wowote duniani, halafu anaanza kutafuta nyota za kujazia. Kila kitangulizi kinaishia na samaki. Katika vinne vilivyo kabla ya mwezi mpevu, kichwa cha samaki kiko juu. Katika vinne vinavyofuata, kiko chini. Mwezi unakua, mwezi unapungua. Mchongaji hakuhitaji kueleza zaidi ya hapo.

Tunajuaje kwamba hatujipendezi wenyewe? Kwa sababu ipo orodha iliyokusanywa nje ya kibao. Thomson, ofisa wa meli ya Kimarekani Mohican, aliandika majina ya siku za mwezi kisiwani mwaka 1886, na mwanaanthropolojia Alfred Métraux akaandika tena katika miaka ya 1930. Majina ya msingi ni 28. Baada ya ata na ari zinakuja kokore sita, zisizo na jina ila nambari: tahi, rua, toru, ha, rima, ono. Kisha maharu, hua, atua, maure, ina-ira, rakau, na omotohi, yaani mwezi mpevu. Kisha kokore tano nyingine, na majina mengine nane hadi mwezi kufa. Rudini kwenye kibao: hilali saba zina alama za ziada pembeni, ila yapo mafungu mawili yaliyo tupu kabisa, moja la hilali sita, jingine la tano. Ndipo penye kokore. Sita na tano, kwa mpangilio ule ule. Hapo ndipo mtu anaweza kulala usingizi.

Orodha nayo tunaweza kuipima. Kule Hawaii, maelfu ya kilomita kaskazini, usiku wa mwezi una majina Mohalu, Hua, Akua, Hoku, Laau. Weka t badala ya k na r badala ya l, kama mchele wa Unguja unavyokuwa mtele Mombasa, utakaribia sana maharu, hua, atua, hotu na rakau. Kwa hiyo majina haya ni ya kale kuliko vibao vyenyewe.

Hotu na hiro ndizo siku mbili za akiba, na hapa msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa sana. Kila Ramadhani tunauliza: mwezi utaandama leo au utatimia thelathini? Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na kidogo, kwa hiyo mwenye majina 28 lazima aongeze moja au mbili. Swali ni lini moja, lini mbili. Mwaka 1990 mtaalamu wa lugha Jacques Guy alipendekeza kwamba Mamari si orodha tu bali ni mwongozo wa kuamua. Ndani ya kalenda zimo hilali mbili ndogo zilizoinuliwa, moja kabla ya mwezi mpevu na moja baada. Kwa maoni yake vitangulizi vinaagiza: tazama ukubwa wa mwezi, na hilali hizo ndogo ni mwezi unaoonekana mdogo. Ukiwa mbali na dunia huonekana mdogo na hwenda polepole, basi ongeza usiku. Nakubali muundo wa kalenda bila shaka. Hili la ukubwa ni dhana nzuri inayongoja kupimwa.

Na nyota je? Wapolinesia walizijua vizuri. Kilimia chetu, kile kishada cha nyota, wao wanakiita Matariki, na kilikuwa kipimo cha misimu kwao kama kwa wakulima wetu waliosema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Rasini Poike upo mwamba ambao mtafiti Mwingereza Katherine Routledge, aliyekuwa kisiwani 1914 na 1915, aliambiwa ni mahali pa kutazamia nyota. Lakini kuzitoa nyota hizo katika vibao ni kazi nyingine. Usiku wa giza jicho linaona nyota zaidi ya elfu mbili. Alama tano zozote utazipatia nyota tano zinazofanana nazo. Kuchagua mwaka kwa programu ya kompyuta nako hakusaidii, kwa kuwa tarehe ya kuchomoza kwa nyota husogea siku moja kila miaka 71 hivi. Kutoka 1500 hadi 1860 ni siku tano tu, wakati umri wa mbao haukuambii ilichongwa lini. Kosa jingine ni kutumia ramani ya anga ya Ulaya. Rapa Nui iko nyuzi 27 kusini mwa ikweta: hilali changa inang'aa upande wa kushoto ukiutazama mwezi kaskazini, kinyume cha London, nasi wa karibu na ikweta tunaiona imelala kama mtumbwi. Anayesema nyota hii iko katika mstari huu atuonyeshe hesabu iliyotoka nje ya kibao, kama zile kokore sita na tano.

Dhana ya Guy, kwa upande wake, mnaweza kuipima nyumbani. Kata kadi yenye mwanya wa umbo la V, uitie alama kila nusu milimita ya upana. Ukiishika kwa mkono, sentimita 60 kutoka jichoni, mwezi mdogo kabisa unajaza milimita 5.1 na mkubwa kabisa 5.9, tofauti hiyo mkono unaotetemeka utaimeza. Ifunge kwenye ncha ya fimbo ya mita moja na nusu, ncha ya pili igusane na shavu chini ya jicho: sasa ni milimita 12.8 kwa 14.6, na hiyo inasomeka. Mwezi ukiwa karibu na upeo macho yanaudhania mkubwa, wewe fuata kadi, na kumbuka hilali hupimwa kwa urefu wa pembe hadi pembe. Andika kipimo kila usiku ulio wazi, pamoja na idadi ya siku za kila mwezi, 29 au 30, kwa miandamo 14 mfululizo, kwa sababu baada ya miandamo 14 hivi mwezi mpevu hurudi kuwa mkubwa kama ulivyokuwa mwanzo.